Mwanangu, mwandikie mwalimu leo

Moshi, Jumapili jioni

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na ile picha ya skrini nimeikuza mpaka nikaiona vizuri. Unasema asaimenti mbili za masomo yako ya mtandaoni zimekupita, wiki tatu sasa hujafungua mfumo kwa aibu, na unaniuliza: useme ulikuwa na msiba, au uache muhula huu uanze upya mwakani?

Usiache, na usimzulie mtu kifo. Bibi yako yuko hapa uani anachambua maharage, mzima kabisa. Mimi ni mkufunzi, kila muhula naletewa misiba. Mingi ni ya kweli na huniuma. Ukitunga wa kwako unamharibia mwenzako aliyefiwa kwelikweli, kwa kuwa akija na lake, mwalimu ameshajifunza kutilia shaka. Tena Moodle, huo mfumo mnaosomea mtandaoni, hutuonyesha sisi wakufunzi siku ya mwisho mwanafunzi alipoingia kwenye somo. Hizo wiki tatu zako mwalimu akitaka kuziona, anaziona.

Sasa asaimenti zenyewe. Ile ya kwanza uliifanya kwa wakati. Kwenye picha yako pameandikwa kwamba faili ni rasimu, halijawasilishwa. Ulilipakia, ukafunga kompyuta, hukubonyeza kitufe cha mwisho. Kazi bado ipo mle, na tarehe uliyoipakia inaonekana. Siku nyingine usiondoke kabla hujaona neno la kwamba imewasilishwa, na upige picha ya skrini.

Ya pili ndiyo imenisikitisha, maana kosa hili nimeliona kwa wengi. Mfumo ulisema mwisho ni Jumatatu, 12:00 AM. Wewe ukaisoma kwa Kiswahili chetu: Jumatatu, saa sita usiku. Ukaona Jumatatu nzima ni yako. Kumbe ile ni usiku wa kuamkia Jumatatu. Jumapili ilipoisha na muda wako uliisha. Mwalimu hakukutega. Asipobadilisha saa, mfumo wenyewe huweka 00:00. Kuanzia leo kila tarehe ya mwisho iandike kwenye karatasi kwa saa zetu, ubandike juu ya meza: "Jumapili, saa tatu usiku." Hizo saa tatu zinazobaki ni za umeme kukatika na bando kuisha.

Kwa hiyo mwandikie hivi, kwa maneno yako: jina, namba ya usajili, somo. Asaimenti ya kwanza niliipakia lakini sikubonyeza kuwasilisha. Ya pili nilikosea saa, kosa ni langu. Imebaki hitimisho, naweza kuiwasilisha Jumatano saa kumi jioni. Naomba uniongezee muda kama utaratibu unaruhusu. Basi. Habari za umeme ziache, hata kama ulikatika kweli, kwa sababu siyo zilizokukwamisha. Na hiyo Jumatano iwe siku unayoiweza.

Anaweza kukubali. Kwenye Moodle tarehe ya mwisho na tarehe ya kufungwa kabisa ni vitu viwili tofauti, na mwalimu anaweza kumwongezea muda mwanafunzi mmoja peke yake. Akikukata alama kwa kuchelewa, pokea na umshukuru. Akikataa kabisa, bado una kazi nyingine na mtihani mbele yako.

Nakuambia haya kwa sababu kuna kijana nilimpoteza hivihivi. Asaimenti moja ilimpita, akaona haya kufungua mfumo, na kila wiki iliyopita aibu ikawa nzito zaidi. Nilimwandikia mara mbili. Hakujibu, na muhula ukaisha bila yeye. Alama alizokuwa amekosa zilikuwa chache tu, angezifidia. Hata leo nikifungua orodha ya darasa na kuona jina lililokaa kimya wiki mbili, moyo unanipiga. Sikutaka siku moja niwe nawaza hivyo juu ya mwanangu.

Sasa hivi ni saa moja na nusu. Andika kabla hujala, unitumie nakala niisome. Kesho asubuhi nampa dereva wa Coaster ndizi mshare na haya maharage ya bibi. Atakupigia akifika stendi.

Mama yako