Kuku anaungua nje, ndani bado mbichi

Dada, umeuliza kwa nini mapaja ya kuku yanaungua nje na ndani bado yana damu. Moto wako mkali mno. Subiri makaa yavae majivu, yasogeze upande mmoja, kuku aive taratibu upande wa pili. Umalizie juu ya makaa ngozi ikauke. Marehemu baba alikuwa akichoma kisu penye kiungo cha paja na kutazama kama maji yanayotoka bado yana damu, sisi watoto tumeshika sahani tukinung'unika. Mimi naamini zaidi kipimajoto: nyuzi 74 za Selsiasi penye unene. Viungo? Chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, alale navyo kwenye friji. Ndimu kamulia saa moja kabla. Sosi yenye sukari paka mwishoni kabisa.