Mama anakohoa tangu aanze dawa ya presha, aache?

Swali: Daktari habari. Mamangu ana miaka 61, anakaa na mimi huku Umoja. Alianzishiwa enalapril na hydrochlorothiazide za presha kama miezi mitatu hivi imepita, na sasa ana kikohozi kikavu hakimwachi, usiku ndio mbaya zaidi. Tumejaribu dawa za maji za kila aina, akapewa pia amoxicillin kwa kemisti, wapi. Jirani akamwambia hizo tembe ndizo zinamuua, akaziacha, presha ikaruka 168 kwa 102 ikabidi azirudie. Aache kabisa ama avumilie? Na anaweza endelea na diclofenac yake ya magoti?

Jibu: Dada, jirani yenu kwa maneno ya kikohozi amegonga ndipo, hiyo ya kuua ndio ameongeza chumvi. Enalapril inajulikana sana kwa kikohozi kikavu cha kuwasha koo, na si yeye peke yake, captopril, lisinopril, ramipril, hizo zote zinazoishia na -pril ni ukoo mmoja. Karibu mtu mmoja kwa kila kumi anakipata, na wanawake zaidi. Dawa yenyewe inazuia kimeng'enya (enzyme) fulani kinachosababisha mishipa ya damu ibane, ndio presha inashuka, lakini kimeng'enya hicho hicho ndicho pia huvunjavunja kitu kinaitwa bradikinini, sasa kikifungwa hiyo bradikinini inajaa kwa njia za hewa, koo linawasha, mtu anakohoa na hakuna makohozi yanatoka. Kinaweza kuanza baada ya siku chache tu ama baada ya miezi, na hapo ndipo watu hupotea, manake ashaizoea dawa hawezi kuishuku.

Kwa hivyo pesa ya hizo dawa za maji imeenda tu, na amoxicillin haina kazi kwa kikohozi cha aina hii. Tena muwe macho na zile za mafua na kikohozi zenye pseudoephedrine, hizo zinapandisha presha, yaani mama anameza moja ya kushusha na ingine ya kupandisha. Sisi watu wa kemisti tuna lawama yetu hapa, mtu akisema "nipe kitu ya kikohozi" anapewa na hakuna anayemuuliza anameza nini kingine. Semeni hata kama hamjaulizwa.

Kuvumilia si lazima basi, na kuacha mwenyewe mshaona matokeo. Abadilishiwe. Rudini kliniki wiki hii, msingoje tarehe ya kadi, na mpaka siku hiyo aendelee na tembe zake kama kawaida. Mara nyingi watamweka kwa losartan, ambayo inafanya kazi karibu ile ile bila kuisumbua bradikinini, ama amlodipine. Amlodipine nayo huvimbisha vifundo vya miguu kwa wengine, mjue mapema. Akipewa losartan asije akaimeza pamoja na enalapril iliyobaki ati ni hasara kutupa, zikikutana figo zinaweza kuumia na potasiamu ikapanda kwa damu. Na usimpe jirani masalio hayo, zaidi sana kama ni mtu ana mimba, zinadhuru mtoto tumboni.

Alafu kikohozi kimepita wiki mbili, hapa Nairobi hatuwezi kuilaumu dawa ya presha tukanyamaza. Waambie wamwangalie na TB pia, haswa kama amekonda, anatoka jasho usiku, ana joto ama anatema damu. Hospitali za serikali kipimo ni bure.

Diclofenac hapana. Hiyo pamoja na enalapril na hydrochlorothiazide ni watatu ambao hawafai kukutana kwa mwili wa mtu wa miaka 61. Hydrochlorothiazide inatoa maji mwilini, diclofenac inabana mshipa unaoingiza damu kwa vichujio vya figo, enalapril inalegeza ule wa kutolea, sasa figo itachuja na presha gani? Juu ya hiyo diclofenac yenyewe inapandisha presha, so inawezekana hata hiyo 168 ilisaidiwa. Brufen ni hivyo hivyo. Magoti yakiuma apewe parasetamol, tembe mbili za 500 mg, zisizidi nane kwa saa 24, na kama ni mwembamba sana ama ana shida ya ini apunguziwe, muulize daktari kiasi. Mkienda kliniki taja diclofenac kwa jina, sema amemeza kwa muda gani, na uombe apimwe damu, kreatinini (inaonyesha figo zinafanyaje kazi) na potasiamu.

Kuna siku moja tu ambayo ataiacha enalapril bila kuuliza mtu, akiamka midomo, ulimi ama uso umevimba, hata kama hakuna kuwashwa. Hapo ni kukimbia hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe saa nane usiku, koo linaweza kuziba. Ni nadra lakini sisi watu weusi tunaipata zaidi ya wazungu, na inaweza kuja hata baada ya miaka ya kuitumia.

Akishabadilishiwa msitarajie kikohozi kiishe kesho yake. Kwa wengi ni wiki moja hadi nne, wachache hufika miezi mitatu, na kikizidi hapo arudi kifua kiangaliwe upya.