Hita ya gesi ya gari la kupigia kambi kuzimika usiku Granada, Hispania, ilhali mtungi una gesi

Bila shaka mtungi wako ni wa butani. Gesi hiyo huacha kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi 0, na Granada, iliyo kama mita 700 juu ya bahari, hufika huko alfajiri za Januari. Badili uweke propani. Yenyewe hutoa mvuke hata kwenye baridi kali ya nyuzi -30. Kwanza hakikisha regulata (kifaa cha kupunguza presha ya gesi) inashika vali ya mtungi wa Hispania na inatoa presha, kwa milibari, iliyoandikwa kwenye kibati cha hita, kwa kawaida 30. Usiuingize mtungi ndani ya gari kuupasha, hata kidogo! Ukikosa propani, shuka mji wa pwani wa Almuñécar, kama saa moja tu kwa gari, kwani huko pwani haigandi.