Je, Manjano na Urukususu Hukinga Tumbo Dhidi ya Diklofenaki?

Swali: Mama yangu ana umri wa miaka 63, tunaishi Kisauni, na kwa maumivu ya magoti anameza diklofenaki ya miligramu 50 mara mbili kwa siku, pamoja na dawa za presha. Siku hizi tumbo linamchoma. Muuza dawa za asili wa Marikiti amemuuzia unga wa manjano uliochanganywa na urukususu, anywe kila asubuhi, akisema utamkinga. Je, jambo hili lina msingi?

Jibu: Msingi upo, bibie, ila katika pakiti hiyo mna vitu viwili, na hukumu yake si moja.

Diklofenaki hutuliza maumivu kwa kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea maumivu, jambo ambalo mwanasayansi Mwingereza John Vane alilidhihirisha kwa aspirini mwaka 1971. Prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolifanya tumbo litoe ute na kulipatia damu ya kutosha. Zikipungua, asidi hugusa seli zilizo wazi. Zaidi ya hayo, dawa huingia ndani ya seli na kuvuruga mitokondria, vinu vyake vya nishati, vioksidishi (kemikali zinazoharibu seli) vikaongezeka, na viungio kati ya seli na seli vikalegea. Madhara haya hufika hadi utumbo mdogo, ambako asidi haihusiki sana, ndiyo maana omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, hulisaidia tumbo kuliko inavyousaidia utumbo.

Kukumini, kiini cha rangi ya manjano, imeonekana kupunguza vioksidishi hivyo katika seli zinazokuzwa maabara, na kupunguza vidonda vya panya waliopewa indomethasini, dawa ya jamii moja na diklofenaki. Watu husema haifai kwa kuwa hainyonywi vizuri kuingia damuni. Mimi naona kwamba kwa kazi ya kukinga ukuta wa utumbo, kubaki kwake ndani ya utumbo si kasoro kubwa. Hata hivyo, seli katika kisahani huogeshwa kukumini tupu, ilhali kijiko cha manjano kina kiasi kidogo tu, nacho huchanganyika na chakula. Kwenye mchuzi na aendelee nayo. Kinga ya kutegemewa siihesabu.

Urukususu, ule mzizi mtamu, ndio unaonitia wasiwasi. Ukitafuna kijiti chake utamu hukaa mdomoni muda mrefu, na utamu huo ni glisirizini. Si dawa ya kubezwa: kutokana nayo, Waingereza walitengeneza kabenoksoloni katika miaka ya 1960 kutibu vidonda vya tumbo. Lakini wagonjwa walivimba miguu, presha ikapanda na potasiamu ikashuka, kwa sababu glisirizini huzuia kimeng'enya cha figo kinachoiharibu homoni ya kotisoli, nayo kotisoli ikaliambia figo lishikilie chumvi. Diklofenaki yenyewe nayo hupandisha presha. Kwa mama yako, ambaye tayari yuko kwenye dawa za presha, na hasa ikiwa mojawapo ni ya kukojosha, unga huo ni hatari na auache leo.

Apimwe presha na potasiamu, na umuulize daktari kama diklofenaki ya kupaka gotini inaweza kuchukua nafasi ya vidonge, au kama anahitaji omeprazoli pamoja navyo. Akipata choo cheusi kama lami au kutapika damu, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane.