Msinipumzishe

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Daktari akikwambia una ugonjwa utakaokaa nawe maisha yote lakini hautakuua, unaanzia wapi?" Mimi ninao wa aina hiyo. Ni osteoathraitisi, ugonjwa wa viungo kuuma na kukakamaa, kwenye magoti yote mawili, la kulia limezidi. Nina miaka 52, ni fundi wa nguo hapa Bondeni, Nakuru, na jibu langu ni hili: anzia kwa wale watakaokwambia upumzike. Wazuie mapema. Kwa adabu, lakini wazuie.

Maumivu nilikuwa nimeyazoea kabla hayajapewa jina. Yalinishika nikipanda ngazi, nikiinuka kutoka kwenye sijda, nikishuka matatu zile zenye kidaraja kirefu. Nilijua namna ya kuishi nayo. Ambacho sikukijua ni jinsi watu watakavyobadilika jina likishapatikana. Juma lile lile binti yangu alinipokonya ndoo mkononi. Wifi yangu akapiga simu kutoka Mumias, nirudi nyumbani nikakae kivulini, kazi nimwachie kijana. Mume wangu, mtu mpole asiyeweza kumkosea paka, akaanza kuulizia mtu wa kununua cherehani. Wote walifanya kwa mapenzi. Nilistaafishwa na watu wanaonipenda, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

Aliyenisomea picha ya eksirei naye alichangia. Aliinua ile filamu dirishani, akaonyesha kwa ncha ya kalamu pale mifupa miwili ilipokaribiana, akasema, "Mama, hii ni umri. Mifupa inasagana. Nenda ukapumzike." Kisha akamwita mgonjwa mwingine. Nilitoka na karatasi ya dawa na yale maneno mawili, mifupa inasagana, na usiku kila nikigeuka kitandani nilitega sikio.

Hilo la umri nimekuja kulifuatilia. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa na ugonjwa huu duniani, na kwamba asilimia 73 kati yao wamepita miaka 55. Basi zaidi ya robo hatujafika huko. Umri umo, ndiyo, lakini umo pia uzito, umo ukoo, imo ajali ya zamani ya goti, zimo kazi za kupiga magoti na kuchuchumaa mchana kutwa, na kwa sababu ambazo hata wataalamu hawajazimaliza, wanawake tumo wengi kuliko wanaume. Kumwambia mtu "ni umri" ni kumfungia mlango.

Kulia nililia, tena kwa hasira zaidi ya huzuni. Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni swala. Dini imeturahisishia: asiyeweza kusimama aswali ameketi, asiyeweza kuketi aswali kwa ubavu. Hilo nilifundishwa nikiwa mtoto chuoni, na mimi mwenyewe nilimkumbusha mama yangu alipozeeka. Ila kulijua ni jambo moja, na kuvuta kiti cha plastiki ukakiweka kwenye safu ya wanawake, mbele ya wale uliowashonea mabuibui na sare za watoto wao, ni jambo jingine kabisa. Ijumaa kadhaa nikawa naswalia nyumbani, nikisingizia kazi. Aliyenitoa huko ni bibi mmoja mzee ambaye hukaa mwisho wa safu na kiti chake. Alikutana nami njiani akaniambia, "Njoo ukae na mimi kule, nimechoka kuwa peke yangu." Hakunipa pole. Nadhani ndiyo maana nilikwenda.

Mtu wa pili aliyenisaidia ni kijana wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Nilimwendea nikitegemea kukandwa na kupewa mafuta. Badala yake aliniambia kitu ambacho kilipaswa kusemwa siku ile ya picha. Goti si soli ya kiatu, halimaliziki kwa kutembelewa. Lile gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka kwa mwendo, goti likibanwa na kuachiliwa. Ukilifungia goti, unalinyima chakula. Tena misuli ya paja hulisaidia goti kubeba mzigo, na misuli isiyofanya kazi hunyauka haraka, hapo goti linakosa msaada. Akaongeza kwamba picha haipimi maumivu. Wapo ambao eksirei zao zinatisha na wanatembea bila shida, na wapo ambao hazionyeshi mengi na hawalali. Nilimuuliza mara mbili kama ana uhakika.

Kisha akauliza juu ya cherehani. Yangu ni ile ya kukanyaga. Kila mtu alikuwa ameshaihukumu, hata wateja: "Mama, hiyo ndiyo imekumaliza." Yeye alinitaka niketi kwenye kiti nimwonyeshe ninavyokaa kazini. Nilikaa. Akacheka kidogo, akaniambia stuli yangu ni fupi mno, magoti yanapanda juu kuliko nyonga, na nikikaa hivyo tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuinuka, lazima yakauke. Kukanyaga kwa miguu, polepole, hakukumsumbua hata kidogo. Kinachoniumiza ni kule kukaa kitako.

Basi seremala akaniongezea miguu ya stuli kwa vidole vinne, na mimi nikajiwekea sheria: bobini ikiisha uzi, nainuka. Sitazami saa. Uzi wa chini ukikatika nasimama, natembea hadi mwisho wa kibaraza, namsalimia fundi viatu, narudi, ndipo naijaza. Mwanzoni alidhani namdai. Mota ningeweza kufunga, wengi hapa wamefunga, lakini stima ya mtaani kwetu tunaijua, na isitoshe mota ingenikalisha zaidi.

Mazoezi yenyewe ni ya aibu kwa urahisi wake. Umekaa kitini, unanyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti lilale sawa, unalikaza paja, unahesabu pole pole hadi kumi, unashusha taratibu bila kuuachia uanguke. Halafu wa pili. La pili ni kuinuka kitini bila kushika chochote, mikono umeikunja kifuani, na kukaa tena kwa kujizuia. Hilo la pili siku ya kwanza lilinishinda. Nilikuwa nainuka nusu, narudi puu. Kijana alinipa kipimo ambacho nakithamini hadi leo: maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari, mradi kufikia kesho yake yamerudi yalipokuwa, yakizidi hadi kesho, punguza, usiache. Kwa wiki nyingi hutaona kitu. Mimi nilianza kuona tofauti pale nilipojikuta nimefika nyumbani orofa ya pili na sikumbuki kama nilisimama njiani.

Mengine nayapitia haraka. Ngazi unazipanda kwa mguu mzima kwanza, unazishuka kwa mguu mbovu kwanza. Fimbo inashikwa mkono wa upande wa pili, si upande wa goti linalouma, na wengi tunakosea hapo. Deki napiga kwa mopu ya mti mrefu. Maji ya moto kwenye kitambaa jioni yanatuliza. Julai ya Nakuru tunaijua, asubuhi magoti hulalamika, lakini baridi haikuniletea ugonjwa huu na sweta halitauondoa.

Sasa niseme jambo ambalo watu hawalisemi hadharani: choo. Cha kwetu mjini ni cha kuchuchumaa, na kwa wakwe zangu Mumias ni cha shimo. Kushuka unashuka. Kuinuka ndiyo kazi. Nawajua wanawake ambao siku ya safari hawanywi maji tangu alfajiri ili wasiombe choo kwa watu, na nilikuwa mmoja wao, Nakuru hadi Mumias kupitia Kericho na Kisumu, koo kavu. Dawa yake ni kiti. Chukua kiti cha mbao chenye mikono, seremala akitoboe katikati, akipige msasa vizuri, ukiweke juu ya shimo. Cha plastiki usijaribu, miguu yake hutanuka. Changu nilikifunga juu ya matatu pamoja na mizigo. Mama mkwe alikitazama, akauliza kama nimekuja na kiti cha enzi. Nilikiacha kule. Idi iliyofuata nilikikuta kimepakwa rangi ya kijani, kimefungiwa kamba ya kukining'inizia, na hakikuwa changu tena.

Kuhusu dawa za mitaani, jiandae, kwa sababu kila mtu ana yake. Utaambiwa mafuta ya magoti yameisha na kwamba bamia zilizolowekwa usiku huyarudisha, kwa sababu bamia zina ute. Nazipenda bamia kwa samaki, lakini ute wake hauna njia ya kutoka tumboni hadi gotini. Utaambiwa uache nyama nyekundu na maharagwe. Hiyo ni habari ya gauti, ugonjwa wa asidi ya yuriki, ambao ni mwingine kabisa na una kipimo chake cha damu. Utaletewa chupa isiyo na lebo ambayo mtu wa fulani aliinywa akakimbia. Ya namna hiyo mimi siigusi, tena ikifanya kazi haraka sana ndipo inanitia hofu zaidi, maana dawa za steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, zimewahi kukutwa zimechanganywa humo bila mnywaji kuambiwa.

Hata za dukani zina masharti. Jirani yangu wa kibarazani humeza diklofenaki, dawa ya maumivu, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka. Dawa za jamii hiyo huumiza tumbo hadi kutoa vidonda, huchosha figo na hupandisha presha, na mimi presha ninayo. Daktari niliyemwona baadaye alinihamishia kwenye ile ya kupaka, ambayo kwa goti hufanya kazi vizuri na kidogo tu ndiyo huingia kwenye damu. Vidonge nimeruhusiwa siku mbaya tu. Na goti likivimba ghafla, likawa jekundu na moto, au homa ikaingia, hapo si suala la kupaka tena, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Uzito. Mimi ni mzito, tusizungushane. Nilikuwa nakasirika nikiambiwa nipunguze, kwa sababu husemwa kana kwamba ni adhabu. Hesabu ndiyo iliyonigeuza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, juu ya watu wanene wenye ugonjwa huu, ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua hupunguza mzigo wa goti kwa kiasi cha kilo 4 katika kila hatua. Katika kila hatua! Nimeacha sukari kwenye chai na mahamri nimebaki na moja. Chapati bado tunajadiliana.

Nyumbani mwisho wake niliwakalisha. Niliwaambia yale ninayotaka wanisaidie, kwa majina: mtungi wa maji kutoka chini, kufua mablanketi, mfuko wa unga. Na yale wasiyopaswa kuyagusa: sokoni Wakulima nakwenda mwenyewe, jikoni napika mwenyewe, cherehani ni yangu. Binti yangu alinuna, akaona nimekataa mapenzi yake. Nikamwambia kama anataka kunipenda atembee nami jioni baada ya alasiri hadi barabara kubwa na kurudi. Siku nyingine anakuja, siku nyingine ana simu. Mume wangu hakusema kitu, ila yule mteja wake wa cherehani sikumsikia tena.

Sitawaambia kwamba nimeridhika. Ziko asubuhi ninazoamka na goti gumu, na kabla ya dakika kumi za kulinyoosha kitandani siwezi kwenda popote, na siku hizo sitaki kuongea na mtu. Siku hizo nashona kola na mikono, kazi ndogo, nasimama mara nyingi zaidi. Daktari wa mifupa amenieleza pia habari ya goti la bandia, kwamba mengi hudumu zaidi ya miaka 20, na kwamba wenye paja lenye nguvu hupona vizuri zaidi baada ya upasuaji. Basi hata nikifika huko, haya mazoezi hayatakuwa yamepotea. Kwa sasa sijafika. Nina sare za shule za Januari, na wazazi wameshaanza kupiga simu.

Fundi wa nguo,
Bondeni, Nakuru