Nani aliimba sehemu ya Eliza?

Swali: Mhariri, shikamoo. Hapa Mafinga tumetazama filamu ya My Fair Lady, na mwanakwaya mwenzangu anadai kwamba anayeimba siye anayeonekana. Je, ni kweli?
Msomaji, Iringa

Jibu: Marahaba. Ni kweli: katika filamu hiyo ya 1964, sehemu kubwa ya nyimbo za Audrey Hepburn, anayeonekana kama Eliza, iliimbwa na mwimbaji Marni Nixon. Jukwaani Broadway, eneo la maigizo la New York, kuanzia Machi 1956, Eliza, muuza maua wa London, aliigizwa na Julie Andrews, aliyeimba mwenyewe, lakini mkuu wa studio, Jack Warner, alitaka sura iliyokwisha kuzoeleka sinemani. Rex Harrison, aliyeigiza mwalimu wa Eliza jukwaani na ambaye nyimbo zake alizisema zaidi ya kuziimba, alibakizwa! Andrews akapata Oscar kwa Mary Poppins, filamu ya mwaka huohuo.