Usigawanye hiyo safu ya Uganda kabla hujaitazama 1987

Simama hapo hapo. Umesema umenunua faili la shilingi ya Uganda kwa shilingi ya Kenya, 1966 hadi 1995, na wiki hii unalipeleka kwa msimamizi wa tasnifu. Unauliza uchore grafu kwa programu gani, uongeze Tanzania au uiache, na kwa nini mstari wako miaka ya mwanzo "umelala chini kabisa". Huo mstari uliolala ndio utakaokuzika.

Fungua safu ya Uganda kwa dola, mwaka 1966. Utakuta 0.0714. Ya Kenya mwaka huo huo ni 7.14. Gawanya: 0.01. Kwa hiyo shilingi ya Kenya ilinunua senti moja ya Uganda? Wapi! Mwaka huo shilingi ya Afrika Mashariki ndiyo ilikuwa inatoa nafasi kwa shilingi tatu, na zote zilianza sawa kwa sawa, 7.14 kwa dola. Jibu ni 1. Faili lako limekosea mara mia na halijaona haya.

Kilichotokea ni hiki. Katikati ya Mei 1987 Uganda ilileta shilingi mpya na kufuta sifuri mbili: mia za zamani zikawa moja mpya. Hifadhidata za kimataifa zikarudi nyuma zikagawanya kila kitu kwa 100, mpaka 1966, ili mstari usikatike. Hilo si kosa, mradi ujue kwamba zinasema kwa shilingi mpya. Kosa ni kuzipachika namba hizo kando ya bei za magazeti, daftari za ushirika au risiti ya ng'ombe ya 1979, ambazo zote ni shilingi za zamani.

Na siku ile yalifanyika mambo mawili kwa mpigo. Mbali na kufuta sifuri, walishusha thamani: dola iliyokuwa 1,400 za zamani, yaani 14 mpya, ikapanda hadi 60 mpya. Kufuta sifuri peke yake hakumfanyi mtu maskini, ni hesabu tu. Kushusha thamani ni pigo la kweli. (Ile asilimia 30 waliyokatwa watu wakati wa kubadilisha pesa haimo kwenye bei ya dola kabisa, itafute kwingine.) Dola ikiwa kama shilingi 16 na nusu za Kenya, shilingi yetu moja ilitoka takriban 0.85 hadi 3.6, zote kwa shilingi mpya za Uganda.

Sasa tazama faili la mwaka kwa mwaka linavyokudanganya. Wastani wa Uganda wa 1987 ni 42.8, wa Kenya 16.45. Gawanya upate 2.6. Hiyo 2.6 haikuwahi kuwepo siku hata moja. Ni miezi minne na nusu ya 14 na saba na nusu ya 60, zimekorogwa kwenye sufuria moja. Mwaka huo chukua mwezi kwa mwezi, na Mei uikate vipande viwili, kabla na baada ya mabadiliko.

Aliyekuuzia faili simjui, ila mwandiko wake naujua: vichwa vya safu havina vizio, yaani havisemi namba ni za shilingi ipi. Mimi nilimlipa mmoja wa aina hiyo, akaniapia kwamba data "imesafishwa". Ilisafishwa kweli, vizio vikaenda na maji machafu. Sura nzima iliandikwa upya. Nacheka kwa sababu pesa zilishaenda.

Kanuni ni moja: bei ya jozi (sarafu moja kwa nyingine, kama Uganda kwa Kenya) usiinunue, usiinakili, usiiombe kwa mtu. Chukua kila sarafu kwa dola, andika kizio juu ya safu ("shilingi mpya za Uganda kwa dola 1"), kisha gawanya mwenyewe. Ungefanya hivyo, ile 0.0714 ingekutumbulia macho tangu mstari wa kwanza.

Na gawanya aina moja kwa aina moja. Kwenye takwimu za IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa), alama rf ni wastani wa kipindi, ae ni mwisho wa kipindi. Kenya 1994: wastani karibu 56, Desemba karibu 44.8. Ukichukua wastani wa Uganda, kama 979, ukaugawanya kwa ile ya Desemba, unapata 21.8 badala ya 17.5. Hakuna atakayekupigia simu kukuonya.

Ukija kuongeza miaka ya karibuni, jedwali la Benki Kuu ya Kenya linageuka katikati. Dola na yuro ni shilingi zetu kwa moja yao, yeni ni kwa mia, lakini Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi ni zao ngapi kwa moja yetu. Anayenakili chini bila kusoma kushoto analia.

Bei za dola za enzi ya Amin kwenye hizo hifadhidata ni bei rasmi. Wa magendo Busia hawakuzitumia, kwa hiyo usizipe kazi ya kueleza kahawa ya magendo ya Chepkube, kule mpakani.

Anza hivi: zidisha safu ya Uganda kwa 100 mpaka katikati ya Mei 1987 (hapo ni shilingi za zamani, uandike hivyo), gawanya upya, kisha weka hapa mistari ya 1966, 1986 na 1988. Ya 1966 isiposoma 1, rangi ya grafu usiniulize.